Picha 61, tatu tu ndo zinafaa: kisa cha dogo aliyebeba kamera kichwani

Nianze na hesabu ndo muelewe kwa nini nimekaa chini kuandika hiki kisa chote. Dogo mmoja wa Kampala, kazi yake kupiga picha za harusi, aliruka kutoka kwenye ndege na kamera juu ya helmeti kwa mara ya kwanza akarudi chini na picha 61. Tatu tu ndo unaweza kumuonyesha mtu. Hapo ndo pa kucheka. Pasipo pa kucheka ni kwamba tulikuwa tumekubaliana afungue mwavuli futi 4,000, yeye akafungua 2,600, na hakujua kama amechelewa mpaka tulipoangalia kifaa kinachorekodi kimo.

Jina simtaji, ameniomba, mamake hajui yote. Mimi niliyeruka naye ananiita afande japo sijawahi kuvaa gwanda hata siku moja, ni vile amekulia kambini, babake alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina samahani wala tafadhali. Mimi ni mtu wa Busia, mpakani, kwa hiyo tukaelewana haraka, maana Kampala hii ukipata mtu wa kupiga naye Kiswahili siku nzima unamshika.

Sasa dogo huyu kwenye kamera ni mtu mzito. Miaka sita ya kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya ndoa) na harusi, anajua mwanga, anajua kumvizia bibi harusi kabla hajalia, anajua shangazi yupi atacheza. Kuruka alijifunza pwani, Diani, akawa anaokoteza miruko huko na kwingineko kila akipata hela. Siku ya kisa alikuwa na miruko 207. Watu wengi wanaijua ile namba 200, ndo ambayo chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinapendekeza kabla ya mtu kubeba kamera, pamoja na leseni ya C, ile ya mrukaji mzoefu. Wanayoisahau ni sentensi inayofuata, kwamba pia uwe na kama miruko 50 ya karibuni na mwavuli huohuo utakaorukia na kamera. Dogo alikuwa na 207 ndiyo, lakini miezi minne ya mwisho alikuwa ameruka mara tatu, na mwavuli ulikuwa wa kuazima. Mimi nililijua hilo nikalikalia kimya. Mniwekee hapo alama ya kwanza, nitaongeza nyingine.

Ilikuwa wikendi moja, wageni wamekuja na ndege ndogo, Cessna 206, kibali kipo, kiwanja kidogo upande wa Jinja. Na ukiwa Jinja kuna jambo moja ambalo mtu aliyejifunzia pwani lazima aambiwe mapema. Diani unaruka juu ya bahari, chini ni sifuri kweli. Jinja ardhi yenyewe iko kama mita 1,170 juu ya usawa wa bahari, karibu futi 3,800. Altimita ya mkononi, ile ya kupimia kimo, unaiweka sifuri ukiwa uwanjani, sawa, lakini hewa haiwekwi sifuri. Ukipanda futi 10,000 juu ya uwanja, kwa usawa wa bahari uko karibu 14,000, na kwenye 206 inayopanda polepole unakaa huko juu muda, kichwa kinaanza kuwa chepesi, unacheka vitu visivyochekesha. Hewa nyembamba inakufanya uanguke kasi kidogo kuliko pwani na mwavuli nao unatua kasi zaidi, saa nane mchana joto likipanda unaweza kudhani mtu kakubadilishia mwavuli. Dogo hilo la kutua alikuwa analijua, alishatua Jinja mara mbili. La kichwa chepesi hakulifikiria na mimi sikumwambia. Alama ya pili.

Sasa vifaa. Helmeti alikuwa nayo nzuri, ile ya wazi usoni yenye kifungo cha kidevuni unachoweza kukiachia haraka kamba ikikunasa. Hapo nampa maksi zote. Ila sahani ya kufungia kamera juu ilikuwa imekosekana, ikabidi apeleke kazi Katwe. Mnaijua Katwe, mtaa wa mafundi pale Kampala, ukimpelekea fundi mlango wa ndege anakuuliza unataka wa rangi gani. Akachongewa breketi ya aluminiamu, nene, imara, nzuri kabisa, na boliti imepita juu imebaki imechomoza kama sentimita 2. Fundi aliiacha hivyo makusudi, alisema ukitaka kuongeza kitu baadaye utapata pa kushikia. Kwa meza ya kinyozi hiyo ni akili. Kwa mtu ambaye dakika moja baadaye atakuwa na kamba zinafyatuka nyuma ya kichwa chake, hiyo ni kulabu ya kuvulia samaki na samaki ni wewe. Mwavuli ukifunguka vibaya, kamba moja ikashika hapo, huwezi kukata mwavuli mkuu salama (yaani kuuachia ili ufungue wa akiba), maana ukiukata utakuwa unaning'inia kwa shingo. Tuliiona asubuhi hiyohiyo, tukaikata na msumeno wa kuazima kwa fundi wa baiskeli pale barabarani, tukasugua kwa tupa, tukazungushia tepu nyeusi ya kitambaa mpaka kamera na helmeti vikawa kama kitu kimoja. Nywele ya mtu ilipita juu bila kushika. Hicho ndo kipimo nachotumia, nikikosa nywele natumia uzi.

Tulitumia muda mwingi sana kwa ile boliti. Nasema hivi kwa sababu nafikiri ndo ilituponza, tulikuwa tumeshapata kosa la siku, tukaridhika.

Kamera yenyewe ilikuwa ile ndogo isiyo na kioo ndani, sensa (kile kipande kinachonasa picha) ya nusu fremu, ya harusini kabisa. Na lenzi... hapa ndo nilipaswa kuongea zaidi. Alifunga milimita 50, ile f/1.8 anayoipenda, anayopigia pete na kope. Nikamuuliza dogo, hiyo si ni ndefu mno, akasema afande hii ndo kali kuliko zote nilizonazo. Na kweli ni kali. Shata (kasi ya kupiga) akaweka 1/3200, tundu (uwazi wa lenzi) f/2.8, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 100, fokasi ya otomatiki, kwa jua la asubuhi ile hesabu ya mwanga ilikuwa sahihi kabisa, huwezi kumkosoa. Waya wa swichi ya kung'ata ukashuka pembeni ya shavu mpaka mdomoni, ukiuma kamera inapiga, ukiendelea kuuma inaendelea kupiga. Mikono haina kazi na kamera huko juu, mikono ndo mabawa.

Mimi nikawa ndo mpigwa picha. Mpango: tunatoka pamoja, tunatazamana umbali wa mita 3 hivi, futi 5,000 napunga mikono, nageuka naenda zangu, yeye anageuka upande mwingine, 4,000 kila mtu anafungua. Saa nne na nusu asubuhi, mawingu machache juu ya ziwa, Nile inaonekana imekunjika kama mshipi. Tukatoka.

Sasa ngoja nieleze kilichotokea kwa kutumia picha zenyewe, maana kila faili limeandikwa muda wake, na hapo ndo nilipopata kichaa cha kuandika. Kutoka futi 10,000 mpaka 4,000 unapata kama sekunde 36, zile 10 za kwanza unaongeza kasi, ukishafika kilomita 190 hivi kwa saa kila futi 1,000 inakula sekunde 5 na kitu. Kwa hiyo futi 5,000 ni sekunde ya 31. Nikapanga zile picha 61 kwenye kompyuta ya mtoto wangu. Sekunde 20 za kwanza, picha 12. Kutoka 20 mpaka 31, picha 15. Kutoka sekunde ya 31 mpaka ya 42, picha 34.

Rudieni hapo. Zaidi ya nusu ya picha zake alizipiga wakati upigaji ulishakwisha. Sekunde ya 42 alikuwa karibu futi 2,900 anang'ata swichi.

Kwa nini za mwanzo ni chache? Kwa sababu alikuwa anapigana na mwili. Mimi nina kilo 92, yeye 60, na suti yake ilikuwa pana inapepea. Mtu mzito anaanguka kasi, mwepesi anaelea. Sekunde ya 8 tuko sawa uso kwa uso, sekunde ya 15 yeye yuko juu yangu mita 2, sekunde ya 20 picha zote ni mgongo wangu na kisogo cha helmeti. Sasa ukiwa kawaida bila kamera ukiona mwenzako anazama unakunja mikono, unashuka, unamfikia. Yeye alikuwa anajaribu kushuka na wakati huohuo anainamisha kichwa ili kamera inione, na kichwa huko juu ni usukani, ukiinamisha shingo mabega yanafuata, mabega yakifuata umegeuka nyuzi 40 na sasa uko upande mwingine kabisa. Kwa picha unaona horizonti inavyozunguka kama mlevi, kulia, kushoto, kulia. Harusini anazungusha kichwa miguu ikiwa palepale. Huku hakuna palepale.

Halafu lenzi ikamalizia kazi. Milimita 50 kwenye sensa ile, umbali wa mita 3, inachukua upana wa kama mita 1.4. Mtu amelala kifudifudi hewani na mikono imekunjuliwa anazidi hapo. Kwa hiyo nina picha za kiwiko changu, nina picha za goti, nina moja ya kidevu ambayo ni kali kweli unahesabu ndevu. Na f/2.8 kwa umbali huo inakupa kama sentimita 40 tu za ukali mbele na nyuma, mimi naanguka yeye anaelea, hizo sentimita 40 zinapita kama boda ya Wandegeya. Fokasi ya otomatiki nayo ikawa inatafuta, ikikosa uso inashika wingu. Ambazo ilishika uso, uso ni mweusi tii. Sisemi rangi yangu, rangi yangu naijua, nasema ile hesabu ya mwanga ilikuwa ya jua la wazi na anga jeupe la nyuma, ngozi yetu ikaenda gizani kabisa meno tu ndo yamebaki. Hili la ngozi nyeusi mbele ya anga wafundishaji wengi hawaligusi, wao wanaruka na watu weupe kama karatasi na mwanga huohuo unawatosha. Sisi lazima tuongeze mwanga, kituo kimoja juu (yaani mwanga mara mbili) au zaidi, na anga likiungua liungue, nani amekuja kuangalia anga.

Lakini picha mbovu haziui. Turudi kwenye sekunde ya 31.

Nikapunga mikono. Kwenye picha naonekana napunga, kwa hiyo aliniona. Nikageuka, nikanyoosha mikono nyuma nikaanza kwenda. Nilipochungulia chini ya kwapa, desturi yangu, nikamuona bado yuko nyuma na juu yangu, ananifuata. Hebu fikiria ilivyo. Ningefungua pale, mwavuli wangu unanisimamisha, yeye aliye juu bado anakuja kwa kilomita 190, anapita katikati ya kitambaa na kamba zangu. Ndo maana mpiga picha hakai juu ya mtu anayetaka kufungua, kamwe, hata awe ndugu yake. Ikabidi niende kando, niende tena, namsubiri apite, altimita inashuka, 3,500, hatimaye nikaona kivuli chake kimehama nikavuta 3,100. Mimi nina miaka mingi kwenye hiki kitu na 3,100 nikiwa na mtu juu yangu ni kimo ambacho sikitaki tena. Yeye ndo aliponipoteza kwenye fremu akashtuka, akaiona nchi, akavuta. 2,600. Kanuni za USPA kwa mwenye leseni ya C mwisho ni 2,500. Kile kifaa kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe, kwa kile chetu, kinafyatuka kwenye futi 750 hivi kama bado uko kasi. Kwa hiyo hakufa na wala hakuwa mlangoni pa kufa, ila alikuwa amebakiza futi 100 kwenye kanuni bila kujua, na ukifungua chini hivyo mwavuli ukikukatalia muda wa kufikiri hauna.

Tulipokusanya miavuli alikuwa anacheka. Afande umeona nilivyokufuata? Nikamwambia nimeona.

Jioni, tumekaa pembeni ya barabara tunakula rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), nikamuuliza swali moja tu, ulipoona napunga mikono ulifikiria nini. Akakaa kimya akatafuna, halafu akasema ukweli, na ukweli wake ndo ninaoutaka kwenye hiki kisa. Alisema, nilijua ni muda wa kuachana, ila nikaona ukigeuka hivyo Nile iko nyuma yako, nikasema moja tu, halafu nikafikiria mwavuli ukitoka itakuwa kali zaidi, nikasubiri.

Akasubiri! Miaka sita analipwa kwa kusubiri. Bibi harusi atarusha maua, subiri, usishushe kamera, kila aliyeshusha kamera alikosa. Hiyo ndo iliyomfanya awe mzuri na ndo iliyomshusha mpaka 2,600. Watu wanadhani hatari ya anayeanza ni kutojua kamera. Mimi baada ya hiki kisa naogopa zaidi anayeijua. Asiyejua anapiga hovyo akisikia hofu anaacha, anayejua ana njaa ya picha na njaa hiyo haina altimita. Siyo dogo peke yake pia, 1988 kule North Carolina mpiga picha mzoefu mwenye mamia ya miruko alitoka mlangoni na kamera yake, akapiga wenzake vizuri, alipofika wakati wa kufungua hakuwa amevaa mwavuli. Akili yote ilikuwa kwenye picha toka ardhini. Mtu akisikia hii anasema haiwezekani. Mimi nilisema haiwezekani pia mpaka nilipohesabu zile 34.

Kulikuwa na kitu kingine, nacho nilikigundua usiku nikiwa nimelala, nikaamka nikampigia. Kile kipima kimo kidogo cha sikioni, kinacholia ukifika kimo ulichokipanga, kiko wapi? Kimya. Halafu: kiko kwenye helmeti ya zamani, afande. Alihamisha kila kitu kwenye helmeti mpya, miwani, kamera, waya, tepu, na kengele ikabaki nyumbani Ntinda kwenye kabati. Miruko 200 amezoea kusikia ile pii pii ya 5,000 masikioni, siku hiyo masikio yalikuwa kimya na mwili ukasema basi bado muda upo. Hakuizima. Aliisahau tu, na mimi niliyekagua boliti nusu saa sikumuuliza. Alama ya tatu, na hiyo ndo kubwa kuliko zote.

Tulichokibadilisha sitakipanga kwa namba maana hatukufanya kwa mpangilio, tulifanya kwa kubishana. Kwanza akakubali kukaa bila kuruka na kamera mpaka afikishe miruko 20 ya kawaida na mwavuli mmoja, akaenda pwani akaifanya, ikamla pesa ya harusi mbili. Akapata suti ya kubana na vizito vya kilo 4 kiunoni ili asielee. Kengele ya sikioni akanunua ya pili ikae kwenye helmeti ya kamera moja kwa moja, na tukaipanga ilie 6,000, 5,000 na 4,000.

Lenzi tukabadilisha, 16. Milimita 16 kwa mita 3 inakupa upana wa mita 4 na zaidi, mtu mzima anaingia na nafasi ya mikono na ya makosa yako. Tundu f/8, ISO 800, shata 1/1600, na hapa kuna kitu kitamu, lenzi ya 16 ukiifunga f/8 ukaweka fokasi kwa mkono kwenye mita 1.6 hivi, kila kitu toka sentimita 80 mpaka mbinguni ni kali. Huhitaji kutafuta fokasi tena maisha yako yote. Unaweka, unafunga pete kwa tepu, unasahau. Dogo hili lilimuuma, alisema hiyo si kupiga picha hiyo ni CCTV. Nikamwambia ndiyo, anza na CCTV.

Na kulenga. Huko juu huangalii kwenye kamera, unahitaji alama mbele ya jicho inayokwambia kamera inaona wapi. Wenye hela wana kile kipete cha kulengea kinachokaa mbele ya jicho, sisi tulitumia kidoa. Amesimama uani kwao, mita 3 kutoka ukutani, mimi nimeshika simu iliyounganishwa na kamera kwa waifai naona fremu, yeye anaangalia msalaba wa chaki ukutani, namwambia juu kidogo, kushoto, hapo, msalaba umekaa katikati ya fremu, shika hapohapo usipumue, nikambandikia kidoa cha stika kwenye miwani kilipokutana na msalaba. Watoto wa jirani wamejaa ukutani wanacheka, mtu amevaa helmeti mchana anaangalia ukuta. Tulirudia siku nne maana helmeti ikikaa milimita chache tofauti kidoa kinadanganya. Siku ya tano alikuwa anavaa na kupata katikati bila kuniuliza.

Ile swichi ya kung'ata tukaiondoa. Hilo ndo tulibishana nalo zaidi. Nilitaka kamera ijipige yenyewe kila sekunde moja, toka mlangoni mpaka ardhini, yeye asiwe na la kuamua. Maana ukiwa na swichi mdomoni kila sekunde unajiuliza sasa? sasa? na hilo swali ndo lililomla kimo chake. Alikasirika, akaondoka, akarudi jioni na chapati. Tukakubaliana miruko 10 bila swichi, kazi yake iwe moja, kukaa mita 3 mbele yangu usawa wa macho, kichwa kimetulia, macho ndo yazunguke, na kengele ya 6,000 ikilia yeye ndo anaondoka kwanza. Siyo mimi napunga, yeye anaondoka. Mpiga picha akiwa ndo wa kwanza kugeuza mgongo hawezi kunifuata.

Miruko ya kwanza miwili ya mpango huu picha zilikuwa za kawaida, kichwa bado kinainama. Wa tatu mzuri. Wa nne tulirudi Jinja, saa mbili na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali la kuchimba macho, maana hapa kwetu karibu na ikweta saa sita jua liko utosini na helmeti inakupigia kivuli mpaka puani. Kamera ilipiga mara 26 hivi akiwa nami. Nyingi zinafanana, ndo ubaya wa CCTV. Lakini 19 unaweza kumuonyesha mtu, uso wangu unaonekana, ngozi ina rangi yake, ziwa liko pembeni limelala. Alifungua 4,200. Nilimuona anageuka kengele ilipolia, hakuangalia nyuma.

Sasa amemaliza zile 10, swichi imerudi mdomoni kwa masharti, na juzi ameanza kuniuliza habari ya kutoka nje kwanza, yaani aning'inie kwenye nguzo ya bawa apige watu wakitoka mlangoni. Nikamwambia tuongee ukifika miruko 50 ya kamera. Amefika 11.

Ile picha ya siku ya kwanza, sekunde ya 38, mimi nimenyoosha mikono nyuma na Nile yote chini yangu inang'aa, ndo kali kuliko zote 61 na ndo kali kuliko zile 19 pia, sitadanganya. Nilimwambia aifute. Hajaifuta, anayo kwenye simu, mamake ameiona. Aliuliza tu huyu mzee anayeanguka hivi ni wa nani, na kama alipona.